Kutoka bainari hadi tarakimu: njia nne za kuonesha namba, na ya kuanzia ni ipi

Msimu wa karafuu uliopita kijana mmoja wa hapa Wete, Pemba, alinijia na bredibodi mkononi, ule ubao wa kuunga saketi bila kulehemu. Alitaka kumtengenezea bibi yake kifaa cha kuhesabu pishi. Jioni wachumaji wakishachambua makonyo, karafuu hupimwa, na kila pishi inapomwagwa kwenye jamvi kitufe kibonyezwe mara moja, namba ipande. Alikuwa ameunga kaunta ya 74LS93, yaani chipu ya kuhesabu, mbele yake dikoda ya CD4511, chipu inayogeuza hesabu iwe umbo la namba, na mbele ya dikoda tarakimu moja ya LED yenye taa saba. Tukabonyeza pamoja. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa, namba safi kabisa. Ya kumi, taa zote zikazimika.

“Fundi, chipu imekufa.”

Haikufa. Nikamwambia aendelee kubonyeza, na alipobonyeza mara sita tena, sifuri ikarudi. 74LS93 ni kaunta ya biti nne, kila biti ikiwa 0 au 1: inahesabu kutoka 0 hadi 15 kisha inaanza upya. CD4511 nayo inajua maumbo kumi tu, 0 hadi 9, na ukiipa 10 mpaka 15 inazima taa zote kwa makusudi. Lau angetumia dikoda ya 74LS47, badala ya giza angeona vialama visivyosomeka, na 15 pekee ndiyo ingekuwa tupu. Hesabu iliyokuwa ndani ya kaunta ilikuwa sahihi wakati wote. Kilichokosekana ni kitu cha kuigeuza iwe mamoja na makumi.

Bibi yake ndiye aliyenipa mfano wa kumfahamisha. Kisaga ni vibaba viwili, na pishi ni visaga viwili. Ukiwa na kibaba kimoja, kisaga kimoja na pishi moja, unaweza kupima vibaba vyovyote kuanzia 0 hadi 7. Vibaba vitano ni pishi na kibaba, kisaga hakitumiki: 101. Vibaba sita ni pishi na kisaga: 110. Endelea kuongeza vyombo, kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia, na hiyo ndiyo bainari yenyewe. Vyombo vinane vinafika 255. Lakini mtu anayesubiri malipo yake hataki kusikia “kipo, kipo, kipo, hakipo, kipo, kipo, hakipo, kipo”. Anataka kusikia mia mbili thelathini na saba.

Taa za tarakimu nazo zinataka hivyohivyo: mamia peke yake, makumi peke yake, mamoja peke yake, kila moja kwa biti zake nne. Uandishi huo huitwa BCD. 237 kwa bainari ni 11101101, na kwa BCD ni 0010 0011 0111. Njia zote nitakazolinganisha hapa ni njia za kupata ule uandishi wa BCD, au kuufanya usihitajike kabisa.

Kabla ya kununua chochote

Jiulize namba yako inazaliwa wapi. Ikiwa inazaliwa kwa kuhesabu, yaani pishi, watu mlangoni, mizunguko ya gurudumu, mabao uwanjani, basi huna haja ya kugeuza chochote. Hesabu kwa kumi tangu mwanzo. Nimeona wanafunzi wengi wakihangaika wiki nzima na saketi ya kugeuza bainari ambayo kazi yao haikuihitaji. Ikiwa namba inazaliwa tayari ikiwa bainari, kwa mfano jumla inayotoka kwenye 74LS283, chipu ya kujumlisha, au kipimo kinachotoka kwenye sensa, hapo ndipo ugeuzaji hauepukiki, na hapo ndipo uchaguzi unakuwa mgumu kidogo.

Kuhesabu kwa kumi: CD4026 au 74LS90 na 74LS47

CD4026 ni chipu ninayoipenda kwa anayeanza. Ndani yake kuna kaunta ya kumi na dikoda pamoja. Unaipa mapigo kwenye pini ya 1, inawasha taa saba za tarakimu moja kwa moja. Pini ya 5 inatoa pigo kila ikimaliza kumi, unaipeleka kwenye pini ya 1 ya chipu inayofuata, na makumi yamepatikana. Tarakimu tatu ni chipu tatu. Inakubali volti 3 hadi 15, inataka tarakimu za kathodi ya pamoja (miguu hasi ya taa zote imeunganishwa), na mkondo wake wa kutoa ni mdogo, kwa hiyo kwenye volti 5 mwanga unakuwa hafifu. Ndani ya nyumba unatosha. Barazani saa nane mchana hausomeki. Pini ya 2 na ya 15 ziende chini (volti 0), ya 3 iende juu (kwenye chanya). Usiache hata moja ikining'inia, maana chipu hizi za CMOS zikiachwa wazi zinahesabu hata mkono wako ukipita karibu.

74LS90 ni njia ya mtu anayetaka kuona BCD kwa macho. Inahesabu 0 hadi 9 na kutoa biti nne unazoweza kuzipima kwa mita, kisha 74LS47 inazisoma na kuwasha tarakimu ya anodi ya pamoja (miguu chanya ndiyo iliyounganishwa). Chipu mbili kwa kila tarakimu, pamoja na rezista saba. Kwa volti 5 na LED nyekundu, omu 330 zinakupa karibu miliampia 9 kwa kila taa, na mwanga wake ni mzuri kushinda wa CD4026. Ndani ya 74LS90 kuna kaunta mbili tofauti, ya mbili na ya tano, kwa hiyo lazima uunge pini ya 12 na ya 1 ndipo upate kumi. Biti ya mwisho, pini ya 11, ndiyo inayokwenda pini ya 14 ya chipu ya makumi.

Na angalia sana umeme wake. Chipu nyingi za pini 14 hupewa volti 5 kwenye pini ya 14 na chini kwenye pini ya 7. 74LS90 haifuati desturi hiyo: volti 5 ni pini ya 5, chini ni pini ya 10. Nilipokuwa najifunza niliunguza mbili kwa siku moja kwa kuunga kwa mazoea, na ya pili niliigundua kwa harufu. Kila ninayemfundisha namwambia aandike 5 na 10 kwa kalamu ubavuni mwa bredibodi kabla hajagusa waya.

Kati ya hizo mbili, nakuelekeza CD4026 ikiwa unataka kifaa kifanye kazi, na 74LS90 ikiwa baadaye utataka kuichukua namba ile na kuilinganisha au kuijumlisha na nyingine. CD4026 haitoi BCD nje. Inatoa taa tu, na kutoka kwenye taa huwezi kuirudia namba kwa urahisi.

Geti na kanuni ya kuongeza tatu

Sasa tuseme namba imeshakuja kwa bainari. Ipo kanuni moja nzuri mno, na hata kama hutaijenga kwa chipu, ifanye kwenye karatasi angalau mara moja.

Anza na sifuri. Soma biti kutoka kushoto. Kwa kila biti, zidisha ulichonacho mara mbili, kisha ongeza biti hiyo. Kwa 11101101 utapata 1, 3, 7, 14, 29, 59, 118, 237. Biti nane, hatua nane, umefika. Kwa mashine, kuzidisha mara mbili ni kusogeza biti zote nafasi moja kushoto, hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo.

Shida inakuja kwenye kuvuka kumi. Tarakimu imepewa biti nne, na biti nne zinajaa kwenye 16, ilhali tarakimu inatakiwa ijae kwenye 10. Tofauti ni 6. Basi tunataka tarakimu itakayovuka kumi isukumwe sita mbele, ili ifurike na kupeleka moja kwa jirani yake wa kushoto. Lakini tunaisukuma kabla ya kusogeza, na kusogeza kutazidisha msukumo wetu mara mbili. Kwa hiyo tunaongeza nusu yake, 3. Na tarakimu itakayovuka kumi ikizidishwa mara mbili ni ile iliyo 5 au zaidi. Kanuni nzima ndiyo hiyo: kabla ya kusogeza, tarakimu yoyote iliyofika 5 iongezwe 3.

Tazama hatua ya 59 kwenda 118. Tuna 0101 1001. Makumi ni 5, yanaongezwa 3 yanakuwa 1000. Mamoja ni 9, yanaongezwa 3 yanakuwa 1100. Sasa mstari ni 1000 1100. Sogeza kushoto na uingize biti inayofuata, ambayo ni 0: 1 0001 1000. Isome: moja, moja, nane. Kijana wa Wete alipoiona hiyo kwa mara ya kwanza aliifuta karatasi na kuirudia na namba yake mwenyewe, na mimi nikajua ameshaelewa.

Kuijenga kwa chipu ni jambo jingine. Namba ya biti nane inahitaji vizuizi saba vya kuongeza tatu, yaani vipande saba vya saketi vinavyofanya kazi hiyo. Kila kizuizi ni 74LS283 moja pamoja na geti, saketi ndogo za mantiki, za kuuliza “imefika 5?”. Ukiziita biti za tarakimu D, C, B, A kutoka kubwa hadi ndogo, jibu ni ndiyo ikiwa D ni 1, au ikiwa C ni 1 pamoja na B au A. Hiyo ni AU mbili na NA moja kwa kila kizuizi. Piga hesabu: 74LS283 saba, 74LS32 nne za AU, 74LS08 mbili za NA, kila moja ya hizo za AU na NA ikiwa na geti nne. Chipu kumi na tatu kabla hujaweka dikoda tatu za taa. Bredibodi inajaa waya kama jarife lililotatizika, na waya mmoja ukilegea utautafuta usiku kucha. Huku kwetu, ambako hewa ya chumvi inaotesha kutu kwenye meno ya bredibodi, waya kulegea ni jambo la kila wiki.

Kwa hiyo sikushauri ujenge vyote saba. Jenga kimoja. Weka swichi nne kwenye maingizo na LED nne kwenye matokeo, hakikisha 4 inatoka 4 na 5 inatoka 8, kisha endelea na safari. Kanuni yenyewe utaikuta tena ukifika kwenye FPGA, chipu ambayo saketi ya ndani unaipanga mwenyewe, na kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) kama PIC16F84 zisizokuwa na amri ya kuzidisha wala kugawa. Vitabu vya zamani vitakutajia chipu ya 74185 iliyofanya ugeuzaji huu ndani yake. Haitengenezwi tena, usiisake.

Chipu ya kumbukumbu

Njia hii inashangaza kwa wepesi wake: usikokotoe, andika majibu yote mapema. EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ya 28C16 ina nafasi 2048 za baiti moja moja, na waya 11 za anwani. Waya nane zipe namba yako ya bainari. Waya mbili zitumie kuuliza tarakimu ipi: mamoja, makumi, mamia, au nafasi ya nne. Kinachosomeka kwenye anwani hiyo ni umbo la taa lenyewe, taa ipi iwake na ipi izimike. Dikoda haihitajiki tena. Waya wa kumi na moja unabaki bure, na unaweza kuutumia kusema kama namba ni ya kawaida au ni yenye hasi, kutoka -128 hadi 127, alama ya kutoa ikikaa kwenye ile nafasi ya nne.

Faida yake ni kwamba ukikosea umbo la 6, unaandika upya baiti zile bila kugusa waya hata mmoja. Hasara ni mbili. Kwanza, lazima uwe na kitu cha kuiandikia, na wengi wetu tutatumia Arduino, bodi ya maikrokontrola, kwa kazi hiyo, na hapo swali linajileta lenyewe: ikiwa Arduino unayo, EEPROM ya nini? Pili, pini zake hazina nguvu ya kuwasha LED. Weka ULN2003 katikati. Ina madereva saba, sawasawa na taa saba, na inataka tarakimu za anodi ya pamoja.

Ninaipendekeza kwa mtu mmoja tu: yule anayejenga kompyuta yake ndogo kwa chipu za 74, ambaye kuweka maikrokontrola kungemharibia maana ya kazi.

Maikrokontrola

Kwa wengine wote wenye namba ya bainari mkononi, jibu langu ni ATmega328P, ile iliyomo kwenye Arduino Uno. Ugeuzaji mzima ni mistari mitatu (n ni namba yako, / ni kugawa bila desimali, % ni baki la kugawa):

mamoja = n % 10;
makumi = (n / 10) % 10;
mamia = n / 100;

Chipu hiyo haina amri ya kugawa ndani yake, ina ya kuzidisha tu, lakini kikusanyi cha programu (compiler) kinaiandikia njia ya kugawa, na kwa saa yake ya megahezi 16, yaani mapigo milioni 16 kwa sekunde, hutaona kuchelewa. Taa unaziwasha kwa zamu, kila tarakimu milisekunde 5. Tarakimu tatu ni milisekunde 15, yaani zaidi ya mara 60 kwa sekunde, na jicho linaona zote zinawaka pamoja. Ukitaka kupunguza waya, chipu ya MAX7219 inaendesha tarakimu nane kwa waya tatu za data, na rezista moja tu ndiyo inayopanga mwanga wa zote.

Ubora wake mkubwa unaonekana namba ikikua. Chipu ya mizani ya HX711 inatoa biti 24, na biti 24 zinafika 16,777,215. Tarakimu nane. Kwa geti hiyo ni kazi ya kukata tamaa. Kwa maikrokontrola ni mistari mitano zaidi.

Lakini sitaki mtoto wa skuli aanzie hapa. Akiandika % 10 kabla hajafanya 59 kwenda 118 kwa mkono, atapata namba kwenye taa na hatajua ilifikaje.

Umeme ukikatika

Hili vitabu vingi havilisemi, na kwetu ni la kwanza. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na miezi kama mitatu kuanzia Disemba 2009. Pemba tuliungwa na Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010. Makatiko mafupi bado yapo. Kaunta ikipoteza hesabu katikati ya kupima karafuu, ugomvi unaozuka si wa elektroniki tena.

74LS90 na 74LS47 zinakula mkondo mwingi, betri ndogo haizivushi usiku. CD4026 ndiyo inayong'ara hapa: ishushe pini ya 3, taa zinazimika lakini hesabu inabaki ndani, na chipu yenyewe inakula mkondo mdogo mno. Betri ndogo inaishikilia bila taabu mpaka umeme urudi. ATmega328P ina EEPROM yake ya baiti 1024 isiyohitaji betri, ila kila baiti imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000 tu. Ukiandika kwenye nafasi ileile kila pishi, ni misimu mingi. Ukiandika kila sekunde, umeimaliza ndani ya siku mbili. Basi andika namba inapobadilika tu.

Na kwa njia yoyote utakayochagua, tuliza kitufe. Chuma cha ndani hudunda kinapogusana, na pigo moja la kidole linaweza kuhesabiwa mara tatu. Rezista ya kilo-omu 10, kapasita ya maikrofaradi 1 na geti moja ya 74HC14 zinatosha kwa kaunta. Kwenye maikrokontrola subiri milisekunde 20 hadi 50 kabla hujasadiki kubonyezwa.

Kijana wetu aliondoa 74LS93 na CD4511, akaweka CD4026 tatu, betri ya volti 9 pembeni na kitufe kikubwa cha kengele ya mlango. Hakuna kilichogeuzwa, kwa sababu hakukuwa na cha kugeuza. Bibi alisimama na kifaa hicho jioni tatu, huku akiweka kokoto kwenye kopo, kokoto moja kwa kila pishi. Jioni ya kwanza kifaa kilizidi kwa pishi nne, tukabadilisha kapasita ya kutuliza kitufe. Ya pili na ya tatu vililingana. Sasa kijana anataka mizani ya HX711 kwa karafuu kavu, na nimemwambia Arduino nitamuazima atakaponiletea karatasi yenye 16,777,215 iliyogeuzwa kwa mkono, hatua zote ishirini na nne.